Amri ya Jana

Wahenga walituachia methali isemayo, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali ya busara, na imewapatanisha ndugu wengi waliokuwa hawasemezani. Lakini mtu akiichukua peke yake inaweza kumfanya aamini kwamba mwenye akili hana haja ya kugeuka nyuma. Katika makala haya nataka kuitazama methali hiyo kwa kupitia kitu ambacho pengine msomaji hakukitarajia, nacho ni desturi ya kompyuta ya kukumbuka amri ilizopewa, ili mwenye kuitumia aweze kuzirudia, ama kuzirekebisha kidogo kisha kuzirudia.

Jambo lenyewe si geni kwa mkazi wa Magomeni. Nenda kwa mama ntilie yeyote pale Mapipa saa saba mchana, umsikilize mteja wake wa kila siku. Hataji wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki. Husema tu, "Mama, kama jana." Na akitaka mabadiliko husema, "Kama jana, ila samaki mtoe, weka nyama." Maneno ni machache, lakini sahani inakuja imejaa. Tazama, hata hivyo, masharti yaliyomo ndani yake. Lazima jana iwepo. Lazima awepo mtu anayeikumbuka. Na lazima mteja mwenyewe ajue jana alikula nini, maana asipojua ataletewa asichokitaka na hatakuwa na wa kumlaumu. Sharti hili la tatu ndilo zito kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Kabla kompyuta hazijawa na picha na kipanya, mtu alizungumza nazo kwa kuziandikia. Aliandika mstari mmoja wa amri, akabonyeza kitufe, mashine ikatenda. Programu inayopokea mstari huo huitwa sheli. Kwetu Dar es Salaam ukisema sheli watu hufikiri kituo cha mafuta, lakini hapa maana yake ni ganda. Ndani ya mfumo wa kompyuta kipo kiini, ndicho kinachofanya kazi hasa, na nje yake lipo ganda linaloongea na binadamu, kama korosho ilivyo na kokwa ndani na ganda nje. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Louis Pouzin katikati ya miaka ya 1960, alipokuwa akishiriki mradi mkubwa wa kompyuta nchini Marekani.

Mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo ulioitwa Unix. Hawakuwa na kioo mbele yao. Walitumia mashine za Teletype, ambazo ni ndugu wa zile teleprinta za telex walizozifahamu wazee wetu waliofanya kazi posta na katika makampuni ya biashara. Ilikuwa na vitufe vya kuchapia na karatasi ndefu iliyoviringishwa, nayo ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde. Kila ulichoandika kilibaki kwenye karatasi, na wino ukishaganda hakuna wa kuufuta. Basi wakaweka utaratibu. Ukikosea herufi, uliandika alama hii #, ambayo sisi huiita reli, na mashine ikaihesabu herufi iliyotangulia kuwa imefutwa. Karatasi ilionyesha amt#ri, mashine ikaelewa amri. Ukitaka kuutupa mstari mzima uliandika @, ukaanza upya.

Wazee wa telex walikuwa na njia yao ya kurudia. Ujumbe ulitobolewa kwanza kwenye utepe wa karatasi, kila herufi ikiwa na nafasi ya matundu matano. Utepe ukipitishwa kwenye mashine, ujumbe ulikwenda. Ukitaka kuupeleka kwa mteja wa pili, uliupitisha tena utepe ule ule. Na mchapaji akikosea, hakuweza kuziba tundu; alichofanya ni kutoboa matundu yote matano mahali pale, na mashine iliyopokea ikapuuza. Alifuta kwa kutoboa zaidi.

Lakini sheli ya kwanza ya Unix, iliyotoka mwaka 1971, haikuwa na utepe wala kumbukumbu. Ukishaibonyeza amri, imekwenda. Ukiihitaji tena, unaangalia kwenye karatasi uliandika nini, unaandika upya tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kumbukumbu ilikuwa ya mtu na karatasi yake.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, Warren Teitelman aliona kwamba huo ni usumbufu usio na sababu. Katika mfumo wake wa lugha ya Lisp aliweka msaidizi aliyetunza orodha ya yote mtu aliyoyaagiza, na akampa mtu huyo maneno matatu ya kumwambia: rudia, rekebisha, na tengua. Kisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kijana aitwaye Bill Joy alitengeneza sheli mpya, ambayo mwaka 1979 ilianza kusambazwa pamoja na programu nyingine za chuo hicho. Humo ukiandika alama mbili za mshangao, !!, amri iliyopita inatendeka tena. Ukiandika alama moja na namba, inatendeka amri yenye namba hiyo katika orodha. Ukiandika alama moja na herufi za mwanzo, mashine inarudi nyuma kutafuta amri ya karibuni iliyoanza na herufi hizo. Na ukitaka "samaki mtoe, weka nyama", unaandika ^samaki^nyama, mashine inachukua amri iliyopita, inabadilisha neno hilo moja, inatenda.

Alama hizo zinaonekana ngumu, nazo ni ngumu kweli, kwa kuwa zilibuniwa kwa watu wasioweza kuirudia amri kwa macho na kuisahihisha mahali ilipo. Vioo vilipoenea mambo yakabadilika. Mwaka 1983 David Korn wa maabara za Bell aliitangaza sheli yake, ambayo ndani yake mtu aliweza kuivuta amri ya zamani, akasogea ndani ya mstari, akachomoa herufi na kuchomeka nyingine kabla ya kuituma. Mwaka 1989 Brian Fox akatoa sheli iitwayo Bash, ya bure kwa kila mtu, na Chet Ramey ndiye aliyeendelea kuitunza kwa miaka mingi. Humo ukibonyeza mshale wa juu, amri ya mwisho inarudi. Ukibonyeza tena, ile iliyoitangulia. Na ukishika kitufe cha Ctrl pamoja na R, ukaandika herufi mbili tatu unazozikumbuka, mashine inapekua orodha kurudi nyuma hadi iipate. Linus Torvalds wa Finland alipoutangaza mfumo wake mwaka 1991, ule ulioitwa Linux baadaye, Bash ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza alizokuwa amekwisha kuzihamishia humo.

Msomaji atauliza, sisi tulikuwa wapi wakati hayo yakitendeka? Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, yaani 1974, Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Kwa hiyo mwaka 1979, Joy alipokuwa akizigawa alama zake za mshangao, mlango wetu ulikuwa umefungwa. Na ulipofunguliwa, ulifunguliwa kidogo kidogo, kwa vibali, katika miaka ya 1980 na ya 1990. Televisheni za Tanzania Bara zilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Jina la nchi yetu katika intaneti, lile la herufi tz, liliandikishwa mwaka 1995.

Wengi wetu tuliojifunza kompyuta Dar es Salaam katika miaka hiyo hatukuanzia kwenye Unix. Tulianzia kwenye MS-DOS, katika vyumba vidogo vya mafunzo ambamo wanafunzi watatu walikalia mashine moja, na feni ikipuliza vumbi la Barabara ya Morogoro. Mfumo huo nao ulikuwa na kumbukumbu yake ndogo: ulikumbuka amri moja tu. Ukibonyeza kitufe cha F3, amri ya mwisho ilirudi nzima. Ukibonyeza F1, ilirudi herufi moja moja, ukasimama pale unapotaka kubadilisha. Toleo la 5 la mwaka 1991 lilileta programu ndogo iliyotunza amri nyingi. Mwanafunzi aliyejua F3 alionekana fundi. Sikumbuki mwalimu yeyote aliyetueleza kwamba nyuma ya kitufe hicho kulikuwa na historia ndefu.

Uzito wa jambo hili niliuona baadaye. Mwaka 2006 chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Magomeni kilipata msiba. Wanachama wake walikuwa wauza mitumba, wauza vitenge na mafundi cherehani, wengi wao wakishuka Kariakoo kila alfajiri. Hesabu zao zilikuwa katika kompyuta moja ya zamani yenye Linux, chini ya kijana mmoja aliyezitunza kwa malipo madogo na kwa moyo wake. Kijana akaugua siku chache, akafariki. Mwezi ukaisha, watu wakataka kujua akiba zao, na hapakuwa na aliyejua zinafanywaje. Hakuacha daftari la maelekezo. Mama mwenyekiti akaniita, akaniambia, "Baba, wewe unazijua hizi mashine. Angalia kama marehemu ametuachia chochote."

Alikuwa ameacha kumbukumbu ya sheli. Bash kwa kawaida hutunza amri 500 za mwisho katika faili moja, hata mashine ikizimwa. Tulikaa, mimi na mama mwenyekiti na mweka hazina, tukazisoma zote 500, kama watu wanaosoma barua za marehemu. Tukaona mwezi wake ulivyokwenda. Kila mwezi aliuanza kwa kunakili faili la hesabu la mwezi uliopita na kulipa jina la mwezi mpya, kisha akaingiza michango, akapanga majina, akajumlisha, akachapa, mwisho akafuta karatasi zake za kazi.

Mweka hazina akasema, "Si uzirudie tu hizo hizo?" Ni swali la haki. Lakini amri ya kwanza ilisema nakili Mei kwenda Juni. Sisi tulikuwa tunafunga Julai. Laiti tungeirudia ilivyo, mashine ingeifunika hesabu ya Juni kwa ile ya Mei, na michango yote ya Juni ingepotea kimya kimya, bila mashine kuuliza lolote. Kama tungebadilisha neno moja tu, tukanakili Mei kwenda Julai, matokeo yangefanana: kila mwanachama angekuta akiba ya mwezi mzima imeyeyuka. Ilibidi maneno yote mawili yabadilike. Tukaiita amri kwa mshale, tukaisahihisha, tukaisoma kwa sauti watu watatu, ndipo tukabonyeza.

Likaja la pili. Miongoni mwa amri hizo ilikuwapo moja iliyorudi kila mwezi, ikipunguza shilingi 10,000 katika akiba ya mwanachama mmoja. Mweka hazina akainua uso. Hakusema neno, lakini sote tulielewa anachowaza. Marehemu alikuwa anachota? Kumbukumbu ya Bash haiandiki tarehe isipokuwa uiagize, na sababu haiijui kabisa. Inasema amri ilitoka, wala haisemi kwa nini. Mtu aliyekwisha kuzikwa hawezi kuulizwa, na jina lake lilikuwa karibu kuzikwa mara ya pili.

Tukaendelea kurudi nyuma. Mistari mingi juu yake, tukakuta mstari ulioanza na alama ya reli: # mkopo wa msiba, mwisho Desemba. Mama mwenyekiti akashika kichwa. Akakumbuka kwamba mwanachama yule alifiwa mwanzoni mwa mwaka, akapewa mkopo kwa makubaliano ya kukatwa kidogo kidogo, na karatasi ya makubaliano ikapatikana ndani ya kabati la ofisi. Maneno matano yalilinda heshima ya mtu.

Tangu hapo nimekuwa nikiifikiria tofauti iliyopo baina ya amri na sababu. Mashine inatunza amri kwa uaminifu usio na kifani, na uaminifu huo una hatari zake. Mtu anayeandika alama ya mshangao na herufi r, akitarajia mashine imletee amri fulani, anaweza kuletewa rm, ambayo hufuta faili na haina kapu la kuokotea. Ndiyo maana waliotengeneza sheli hizo waliweka kinga: ukiongeza :p mwishoni, mashine inakuonyesha amri bila kuitenda. Kisha unaamua. Aidha, neno la siri likiandikwa ndani ya amri linabaki katika kumbukumbu kwa yeyote atakayeifungua, na kwa hiyo Bash inaweza kupangwa isiandike mstari wowote unaoanza na nafasi tupu. Kuna ya kukumbukwa, na kuna ya kusahauliwa kwa makusudi.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya wataalamu peke yao. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kila mkazi wa Magomeni, hata asiyewahi kugusa kompyuta, amekuwa mwandishi wa amri. Bibi anayeandika nyota 150 nyota sifuri sifuri reli, kisha akajibu kwa namba, anafanya kile alichokifanya Thompson mbele ya Teletype. Simu yake inaikumbuka ile amri ya kwanza, akiigusa inarudi. Lakini alichojibu ndani, kiasi cha fedha na namba ya siri, haikitunzi. Kila safari anaanza upya. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wenye sababu nzuri.

Sasa nirudi kwenye ile amri ya 1974. Kila ninapokuta watu wanaizungumzia, aghalabu husema kwa kicheko: ati tulikataza kompyuta! Amri imekumbukwa vizuri sana, ila sababu imeanguka njiani. Hesabu za Serikali zilikuwa zimepelekwa kwenye mashine, zikaleta matatizo makubwa, na fedha za kigeni, ambazo nchi haikuwa nazo, zilikwenda kununua mitambo na kuwalipa wataalamu kutoka nje. Mtu anaweza kuona kwamba dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa, nami naelekea upande huo, kwa kuwa kizazi kizima kilijifunza kwa kuchelewa. Lakini anayeicheka amri bila kuijua sababu hana cha kujifunza kwayo. Kesho anaweza kufanya kinyume chake bila kufikiri, akanunua mashine za mabilioni asizoweza kuziendesha, na hapo atakuwa ameirudia ile ile hasara iliyozaa marufuku.

Nchi nazo zina sheli zake. Viongozi wapya wanapoingia hukuta orodha ndefu ya amri za waliowatangulia, na kishawishi ni kubonyeza mshale wa juu. Hakuna ubaya katika kurudia. Aliyekwisha kulima njia asilazimike kuilima tena. Ubaya uko katika kurudia kwa jina la mwezi uliopita, kunakili Mei kwenda Juni wakati watu wako Julai.

Nadhani, basi, methali yetu haina kosa, ila inataka mwenza. Yaliyopita si ndwele, ni kweli; lakini yajayo hayagangiki na mtu asiyejua jana ilitumika dawa gani, na kwa ugonjwa upi.

Ile alama ya reli ina kisa chake pia. Kwa Thompson na Ritchie ilikuwa alama ya kufuta: ukiiandika, kilichotangulia kimekwisha. Vioo vilipokuja kazi hiyo ikachukuliwa na kitufe maalumu, na reli katika sheli ikapewa kazi nyingine. Mstari unaoanza nayo mashine hautendi. Inauacha ulivyo, na katika Bash inautunza katika orodha pamoja na amri zote. Ni mahali pekee katika kumbukumbu hiyo ambapo binadamu anaweza kumwandikia binadamu mwenzake. Kijana yule aliitumia kwa maneno matano, bila kujua nani atayasoma. Nami tangu siku ile, kila ninapotoa amri ambayo sababu yake haionekani, huandika kwanza mstari mmoja wa reli juu yake.